Kitanda Hakizai Haramu: Tunayojifunza katika Vitabu vya Kale vya Uskoti



Wapendwa waamini, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka waliwaza maduka na mifugo, lakini usemi huo unawahusu hata wanadamu. Ukoo usioandikwa popote hukaa katika vichwa vya wazee, na wazee wakilala, sehemu kubwa ya ukoo hulala pamoja nao. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya nchi moja ya mbali iliyowaandika watu wake kwa karne nyingi, nayo ni Uskoti, na juu ya yale yanayompata mtu anapovifungua vitabu hivyo ili kuitafuta asili yake. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, daftari zake zilianza kwa agizo la Kanisa. Pili, tuliwahi kuzisoma kwa macho yetu tulipokuwa masomoni Ulaya, na tuliyoyaona humo yamebadili namna tunavyokishika kitabu cha ubatizo hapa parokiani.

Mwaka 1552, Uskoti ikiwa bado nchi ya Kikatoliki, mtaguso wa maaskofu na wakleri wake uliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo na matangazo ya ndoa. Kitabu cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana ni cha parokia ya Errol, katika Perthshire, ambacho kinaanza mwaka 1553. Mwaka 1560 Bunge la nchi hiyo liliikataa mamlaka ya Papa, na Kanisa la Uskoti likashika njia iliyokuja kuwa ya Kipresibiteri. Hata hivyo desturi ya kuandika haikufa. Iliendelea katika parokia zaidi ya 900 mpaka mwisho wa mwaka 1854, kisha tarehe 1 Januari 1855 serikali ikaanza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya watu wote bila kujali dhehebu.

Msomaji asidhani kwamba vitabu hivyo vimekamilika. Parokia nyingine zilianza kuandika baada ya miaka mia moja au mia mbili. Vitabu vingine vimepotea, na vingine viliandikwa na makarani waliojisikia kuandika leo na kesho wakapumzika. Kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza kodi ya peni 3 kwa kila jina lililoandikwa, na wazazi wengi wakaona heri mtoto abatizwe asiandikwe. Hata kuhesabu miaka kuna mtego wake: kabla ya mwaka 1600 mwaka mpya wa Uskoti ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mtoto wa Februari anaweza kuonekana amezaliwa mwaka mmoja kabla ya mwaka tunaoudhania.

Mtego mkubwa zaidi ni majina. Familia nyingi za Uskoti zilifuata utaratibu wa kurithisha majina. Mwana wa kwanza alipewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, na wa tatu jina la baba yake mwenyewe. Binti wa kwanza alipewa jina la mama wa mama yake, wa pili jina la mama wa baba yake, na wa tatu jina la mama yake. Haikuwa sheria, lakini ilishikwa na wengi. Tuchukue mfano wa mshairi Robert Burns, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1759 huko Alloway, katika Ayrshire. Alikuwa mtoto wa kwanza, akaitwa Robert kwa jina la babu yake mzaa baba. Mdogo wake aliitwa Gilbert, kwa jina la babu mzaa mama, Gilbert Broun. Mwana wa tatu aliitwa William, jina la baba yao. Baba huyo aliandika ubini wake Burnes. Wanawe ndio waliougeuza kuwa Burns mwaka 1786. Mtu asiyejua hilo atautafuta ukoo mmoja akidhani ni koo mbili.

Sasa tufikiri juu ya mzee mwenye wana watano, na kila mmoja wao akampa mwanawe wa kwanza jina la mzee huyo. Parokia moja itakuwa na wajukuu watano wenye jina moja na ubini mmoja, huenda wote ni wakulima, na wote wameoa akina Janet. Mtafutaji ashike nini? Ashike wanawake. Katika kumbukumbu za Uskoti mwanamke aliyeolewa hakupotezwa ndani ya ubini wa mumewe. Ubini wa kwao uliandikwa kwenye ubatizo wa watoto wake, na mara nyingi hata kwenye jiwe la kaburi lake. Tangu mwaka 1855 hati ya kifo ya Uskoti humtaja baba wa marehemu na pia mama yake kwa ubini aliozaliwa nao. Ashike pia jina la shamba walikoishi, na awatazame mashahidi wa ubatizo, kwa sababu mara nyingi shahidi alikuwa mjomba au kaka wa mmoja wa wazazi. Anayesoma jina la mtoto peke yake atapotea. Anayesoma mstari mzima atafika.

Turudi kwa Robert Burns, maana nyumba yake ni shule kamili ya jambo hili. Mwaka 1785 Elizabeth Paton, mtumishi wa mama yake, alimzalia binti aliyeitwa Elizabeth, na binti huyo akalelewa na bibi yake, mama wa mshairi. Mwaka 1786 Jean Armour wa Mauchline alimzalia mapacha, Robert na Jean. Mwaka 1788 Jean akazaa mapacha tena, nao hawakuishi. Mwaka huohuo mtumishi mmoja wa Edinburgh, Jenny Clow, alimzalia mwana, naye akaitwa Robert. Tarehe 31 Machi 1791 Ann Park, mhudumu wa nyumba ya wageni huko Dumfries, alimzalia binti aliyeitwa Elizabeth. Siku 9 baadaye Jean Armour, ambaye sasa alikuwa mke wake, alijifungua mwana aliyeitwa William. Mwaka 1792 Jean alizaa binti, naye pia akaitwa Elizabeth. Tukihesabu, tunapata watoto wasiopungua 12 kwa mama wanne, na miongoni mwao akina Elizabeth watatu, wote mabinti wa Robert Burns. Bila jina la mama pembeni, ni nani angewatenganisha?

Yupo mtu mmoja katika habari hiyo ambaye hatuwezi kumpita bila kumwinamia, naye ni Jean Armour. Alimpokea yule mtoto wa Ann Park akamlea pamoja na wanawe. Daftari haina safu ya kuandika jambo kama hilo. Ina safu ya baba, ya mama, ya tarehe na ya mashahidi. Safu ya aliyefungua mlango haimo.

Tunajua mengi juu ya nyumba hiyo kwa sababu, pembeni ya kitabu cha ubatizo, kila parokia ya Uskoti ilikuwa na kitabu kingine, cha baraza la wazee wa kanisa. Mchungaji na wazee walikutana kuchunguza mwenendo wa waumini. Msichana asiye na mume akionekana ana mimba aliitwa, akaulizwa baba ni nani, na majibu yakaandikwa. Mwanamume naye aliitwa. Waliokiri walisimama mbele ya waumini wote Jumapili kadhaa wakikemewa, wakatozwa faini iliyokwenda kwa maskini wa parokia. Robert Burns mwenyewe alisimama hivyo mara tatu katika kanisa la Mauchline mwaka 1786. Wazee hao hawakuongozwa na ukali peke yake. Parokia ndiyo iliyotunza maskini, na mtoto asiye na baba anayejulikana angekuwa mzigo wa mfuko wake. Hivyo walimtafuta baba ili amlishe mwanawe.

Hapo ndipo tunapokutana na jambo linaloshangaza. Waskoti walikuwa wamemwacha Papa, lakini katika habari ya ndoa walibaki na sheria ya kale ya Kanisa Katoliki kuliko sisi wenyewe. Kanisa lilikuwa limefundisha tangu zamani kwamba ridhaa ya wawili ndiyo ifanyayo ndoa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliongeza sharti la paroko na mashahidi, na ukaagiza paroko awe na kitabu cha kuandika ndoa. Uskoti ilikuwa imeondoka miaka 3 kabla, kwa hiyo sharti hilo halikuifikia. Mpaka tarehe 1 Julai 1940 mwanamume na mwanamke waliweza kuoana huko kwa kutamka tu kwamba wanaoana, pasipo mchungaji. Na mpaka mwaka 2006 sheria ilikubali kwamba wawili walioishi pamoja na kujulikana kwa watu wote kuwa mume na mke waweza kuhesabiwa wameoana. Kwa mtafutaji wa ukoo, fundisho ni hili: kutoiona ndoa kitabuni si ushahidi kwamba ndoa haikuwapo.

Burns na Jean ni mfano. Mwaka 1786 alimpa Jean karatasi ya kumkiri kuwa mkewe; baba wa Jean, kwa hasira, akahakikisha majina yao yamekatwa katika karatasi ile. Tarehe 5 Agosti 1788 wawili hao walifika mbele ya baraza la Mauchline wakaikiri ndoa yao. Wakakemewa, Burns akatoa gini moja kwa ajili ya maskini, na baraza likaandika kwamba wao ni mume na mke.

Je, mapacha wa mwaka 1786 walihesabiwaje? Kwa Kiswahili twasema kitanda hakizai haramu: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa ndoa, asiulizwe zaidi. Sheria ya Uskoti ilikwenda hatua moja mbele. Wazazi wakioana baadaye, mtoto aliyetangulia naye anakuwa wa ndoa, ilimradi wakati wa mimba hapakuwa na kizuizi cha wao kuoana. Kitanda kilichotandikwa nyuma kilimfunika hata aliyezaliwa mbele. Sheria hiyo pia ni ya Kanisa, nayo ilithibitishwa na Papa Aleksanda III katika karne ya 12. Uingereza jirani, mwaka 1236, mabwana wakubwa waliikataa katika kikao cha Merton, na watoto wa nchi hiyo waliingoja mpaka mwaka 1926. Uskoti haikuwangojesha.

Baada ya mwaka 1855 hali ya watoto wa nje ya ndoa ilichukua sura nyingine. Msajili wa serikali hakuwa mzee wa kanisa, wala hakumhoji mtu juu ya dhambi. Jina la baba asiyeoa mama liliandikwa tu endapo baba huyo alifika pamoja na mama wakatia sahihi wote wawili. Asipofika, nafasi ilibaki tupu. Aibu ya hadharani ilipungua, na ukimya ukaongezeka.

Ukimya huo tulikutana nao wenyewe. Likizo moja tulitumwa kusaidia katika parokia ya Kikatoliki huko Ayrshire, ambako waamini wengi ni wa uzao wa Waayalandi waliokwenda kufanya kazi machimboni na mashambani karne ya 19. Mama mmoja aliyekaribia miaka 90 alitujia na nakala ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo, akaomba tumsomee Kilatini. Alikuwa akitafuta habari za bibi yake, aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1870. Kila hati aliyokuwa nayo ilisema jambo moja. Sensa ya mwaka 1881 ilimwita binti wa mwenye nyumba, hati ya ndoa iliwataja wazee haohao kuwa wazazi, na hati ya kifo ilirudia vilevile. Kilichomsumbua ni hesabu. Kwa umri ulioandikwa katika sensa, mama huyo alikuwa amezaa akiwa na miaka 50.

Ukurasa wa Kilatini ulikuwa na mstari mmoja tu juu ya mtoto yule. Ulimtaja mama wa mtoto kuwa yule ambaye familia nzima ilimjua kama dada yake mkubwa. Jina la baba halikuwapo. Na msimamizi wa ubatizo alikuwa yule mzee wa miaka 50, aliyemshika mjukuu wake kisimani, kisha akamlea kama mwanawe mpaka akaolewa. Baadaye hati ya kizazi ya serikali ilipopatikana, ilisema vivyo hivyo: mama ni mtumishi wa nyumbani, ametia alama ya msalaba kwa kutojua kuandika, na nafasi ya baba ni tupu.

Tujifunze hapa kanuni ambayo watafutaji wote wanaifahamu: hati husema yale aliyoyasema mtoa habari. Aliyekuwapo siku ya kuzaliwa ana uzito kuliko mkwe anayetoa habari za kifo miaka 60 baadaye. Hati tatu zilizorudia neno moja hazikuwa mashahidi watatu. Zilikuwa neno moja lililorithiwa mara tatu. Nao waliolianzisha neno hilo hatuwezi kuwaita waongo kwa wepesi. Walikuwa wakimjengea mtoto ukuta.

Yule mama hakulia wala hakushangaa sana. Alitoa katika mkoba wake orodha ya marehemu ambayo familia yake huipeleka kanisani kila mwezi wa Novemba. Juu kabisa walikuwapo wazee wawili, kisha watoto wao kwa kufuatana, na mwishoni kabisa, chini ya mashangazi na wajomba, lilikuwapo jina la yule dada mkubwa, aliyekufa bila kuolewa. Alituomba kalamu. Hakuwafuta wazee, alisema waliistahili nafasi yao. Alilichukua lile jina la mwisho, akaliandika upya pembeni yao, na mbele yake akaandika neno mama. Kisha akatuuliza kama Misa alizowaombea miaka yote zilimfikia na huyu aliyekuwa mwishoni. Tulimjibu kwamba Mungu hakuwa na haja ya kungoja orodha isahihishwe.

Wapendwa, tuna neno gani la kuchukua kwetu? Wale wazee wa Mauchline waliandika ili kukemea. Leo vitabu vyao vimepigwa picha, na tangu mwaka 2021 mtu aweza kuvisoma kwa njia ya intaneti popote alipo. Wanaovisoma ni vitukuu wa wale walioitwa barazani, nao hawawasomi ili kuwahukumu. Wanafurahi kwamba jina limepatikana. Aibu iliyojaza kurasa zile imekwisha, na majina yamebaki. Ukoo wa Bwana wetu, kama Mathayo anavyouorodhesha, unawataja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao mwandishi mwenye haya angewaruka. Hakuwaruka.

Nasi tunavyo vitabu vyetu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaidai kila parokia iwe na kitabu cha wabatizwa, cha ndoa na cha marehemu, na kuvihifadhi hata vile vya zamani. Kanuni ya 877 inaeleza jinsi ya kumwandika mtoto ambaye mama yake hajaolewa. Jina la mama liandikwe ikiwa umama wake unajulikana hadharani, au akiomba mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba liandikwe ikiwa kuna hati rasmi, au akitamka mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Isipowezekana, aandikwe mbatizwa peke yake. Hakuna faini, wala hakuna kusimamishwa mbele ya watu. Kinachotakiwa ni ukweli, uandikwe kwa upole.

Kwa hiyo tunawasihi, mnapoleta watoto ofisini, msiogope kusema yaliyopo. Wapo kati yetu mabinti wanaochelewesha ubatizo wa mtoto mwaka hata miaka miwili kwa kuogopa swali la baba ni nani. Wapo mabibi wanaotaka kuandikwa kuwa mama ili kumsitiri binti. Tunauelewa moyo huo, na tumeuona hata katika vitabu vya watu wa mbali. Lakini bibi anaweza kumsitiri mjukuu wake kwa mikono, kwa uji, kwa ada ya shule na kwa kumsimamia ubatizo, bila kumfuta mama yake kitabuni. Na wanaume, ninyi mliozaa na hamjaoa, njooni mtamke. Jina lenu katika safu ile halitawapunguzia kitu, bali mtoto atakapokuwa na wajukuu, atakuwa na pa kuwaonyesha.

Tena, kabla ya Novemba kufika, kaeni na wazee wenu, mwandike majina: nani alizaliwa na nani, nani alilelewa na nani. Andikeni yote mawili, maana yote mawili ni kweli.

Tuombeane. Mungu Mwenyezi awabariki, na tukutane tena juma lijalo.

Paroko wenu.